Pikipiki Imezima Mtoni: Soma Dalili Kabla ya Kugusa Stata

Wengi wanaotoka Nairobi kwenda porini kwa pikipiki hupitia Kiserian, huteremka hadi Magadi, na hapo lami inaishia. Kuelekea Shompole na Nguruman ni vumbi, mchanga na tope la magadi, kisha Ewaso Ng'iro ya kusini, mto unaoanzia milima ya Mau na kuishia Ziwa Natron upande wa Tanzania. Wengine huelekea kaskazini, ambako mto ni laga: asubuhi ni mchanga mkavu, jioni maji mekundu yanakwenda kasi. Kokote unakoelekea, jiandae kwa siku ambayo injini itazima maji yakiwa magotini, fundi yuko mbali na simu haina mtandao.

Jambo la kushika ni hili: namna injini ilivyozima ndiyo inayokuambia maji yameingia wapi. Je, ilikata ghafla? Ilikohoa, ikafifia, ikanyamaza? Au ilivuka vizuri ikaja kuzima baada ya kilomita mbili? Kila jibu lina chanzo chake na kazi yake. Anayebonyeza stata kabla ya kujiuliza hayo anaweza kugeuza kazi ya nusu saa kuwa injini ya kununua upya. Kwa hiyo, hata kama mwenzako anakupigia kelele kutoka ng'ambo, "Washa, washa, usiiache izame," zima ufunguo na uitoe majini kwa kuisukuma.

Imekata ghafla, na kiki ya kuwashia kwa mguu haishuki

Hii ndiyo hatari kuliko zote. Injini huvuta hewa kupitia eaklina, yaani kichujio cha hewa. Mdomo wa eaklina ukizama, inavuta maji. Hewa hubanika, maji hayabaniki. Pistoni ikipanda na kukuta maji juu yake haina pa kwenda, na kama injini ilikuwa kwenye mzunguko mkubwa, kinachopinda ni konrodi, mkono wa chuma unaoishika pistoni. Kama ilikuwa inazunguka taratibu, mara nyingi husimama tu bila kuvunjika kitu. Hapo bado una injini nzima. Kinachoweza kuiua sasa ni kidole chako, kwa sababu mota ya stata ina nguvu ya kutosha kumalizia kazi ambayo mto ulianza. Kuisukuma ukiwa umetia gia ya pili ili iwake ni kosa lile lile, tena baya zaidi.

Ikiwa ililala majini, inua gurudumu la mbele, pikipiki isimamie la nyuma, ili maji ya ekzosi yatokee nyuma. Usifanye kinyume. Ukiinua upande wa nyuma, maji hayo yanarudi kwenye injini.

Sasa toa plagi. Kabla hujaifungua, futa tope lote linaloizunguka, na kama una mpira mwembamba pulizia kwa mdomo. Chembe za mchanga zikidondoka ndani ya silinda zitakwaruza ukuta wake kila pistoni inapopanda. Ufunguo ukiwa bado umezimwa, sukuma kiki kwa mkono, polepole. Kama tatizo ni maji, kiki iliyogoma itaanza kushuka na maji yataruka kwenye tundu la plagi: mkupuo mmoja mkubwa kwanza, kisha matone, kisha ukungu. Usiinamie tundu hilo. Endelea, sasa kwa mguu, hadi kiganja ukikiweka karibu na tundu kisikie upepo mtupu usio na unyevu. Pikipiki isiyo na kiki isimamishe kwa stendi kubwa, tia gia ya juu kabisa, uzungushe gurudumu la nyuma kwa mkono.

Ikiwa plagi iko nje na kiki bado haishuki, au inashuka lakini kuna mahali inagonga chuma, acha. Kuna kitu kimepinda ndani. Kazi iliyobaki ni kutafuta pikapu ya kuibeba, na kila teke unaloongeza linaongeza bei ya ukarabati.

Kiki ikienda vizuri, tia matone ya oili safi kwenye tundu la plagi na upige kiki mara kadhaa ili isambae. Silinda iliyooshwa na maji haina utando wa oili. Usiwashe bado, angalia eaklina na oili kwanza.

Rangi ya oili

Angalia kioo cha oili au chomoa dipstiki. Oili yenye afya, hata ikiwa nyeusi, inang'aa na unaweza kuona ncha ya kidole kupitia tone lake. Iliyoingiwa na maji inakuwa na rangi ya chai ya maziwa, nzito, isiyopenyeza mwanga. Ukiona hivyo, maji yameshachanganyika na hayatajitenga. Mwaga yote, tia mpya, washa injini dakika chache ipate joto bila kuivuta, yaani bila kuzungusha mkono wa mafuta, halafu angalia tena. Mara nyingi hulazimu kubadilisha mara mbili. Ndiyo maana ninasisitiza kubeba oili ya kutosha kubadilishia yote, si kichupa cha kuongezea tu.

Kuna nafasi nzuri ambayo watu huipoteza. Ikiwa pikipiki ilizama lakini injini haijawashwa tena, maji yaliyoingia bado yako peke yake chini, kwa kuwa ni mazito kuliko oili. Iache isimame wima, bila kuitikisa, muda wa saa moja au usiku kucha. Kisha legeza nati ya kumwagia oili taratibu, bila kuitoa, huku umekinga chupa ya plastiki isiyo na rangi. Kitakachotangulia ni maji, meupe au ya kahawia. Yatatoka, yatakatika, kisha uzi mweusi wa oili utafuata. Kaza nati hapo hapo. Umeokoa oili, na kwa kuwa hukuizungusha injini, umeokoa na beringi zake.

Maji huingiaje kwenye oili hata kama eaklina haikuzama? Injini iliyochemka ikizama kwenye maji baridi hupoa ghafla, hewa iliyo ndani yake inasinyaa, nayo inavuta chochote kilicho kwenye mdomo wa kipaipu chake cha kupumulia au kwenye sili iliyochoka. Simama ukingoni, zima, iache ipoe kabla ya kuvuka. Utautumia muda huo kuusoma mto.

Imefifia majini, kiki ni nyepesi, lakini haiwaki

Hapa mara nyingi shida ni umeme, si maji ndani ya injini. Anzia kwenye plagi. Chomoa kepu, kifuniko cha waya kinachokaa juu ya plagi, ikung'ute, ikaushe kwa kitambaa ndani na nje. Kwenye baadhi ya injini plagi imekaa ndani ya shimo, na shimo hilo lina tundu dogo la kutoa maji ambalo tope huliziba. Maji yanasimama yakiizunguka plagi, na moto, yaani umeme wa plagi, unapita humo kwenda kwenye bodi badala ya kuruka kwenye ncha.

Kupima moto ni rahisi. Toa plagi, irudishe kwenye kepu, gusisha nyuzi zake kwenye chuma cha injini mbali na tundu la silinda na mbali na petroli iliyomwagika, washa ufunguo, piga kiki. Cheche za bluu zenye mlio ni moto mzuri. Za njano na hafifu, au kukosekana kabisa, fuata waya hadi kwenye koili inayoipa plagi umeme, kisha kiunganishi kimoja kimoja chini ya tangi na chini ya kiti. Vitenganishe, vipulizie, viache juani. Angalia pia swichi nyekundu ya kuzimia kwenye usukani. Huguswa na goti au kamba ya mzigo mtu anapohangaika majini, halafu watu wazima wanafungua pikipiki nusu nzima kabla ya kuitazama.

Ukiwa eneo la Magadi, tope lile linastahili hadhari ya pekee. Ni magadi, chumvi ya soda, na maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji ya mvua. Yakikauka ndani ya kiunganishi huacha unga mweupe ambao ukipata unyevu tena unarudisha shida ile ile. Usikaushe tu. Suuza kwa maji ya kunywa kidogo, kisha kausha. Magadi pia hula aluminiamu, kwa hiyo usiiache pikipiki ikae wiki nzima na ukoko huo kwenye kifuniko cha injini na rimu.

Dalili moja ya kipekee: inawaka vizuri ikiwa nyutro, lakini ukitia gia inazima. Hiyo ni swichi ya stendi ya pembeni. Iko chini kabisa, inakula tope kabla ya kitu kingine chochote. Isafishe, ichezeshe stendi juu na chini mara nyingi, na kwa kawaida inarudi.

Imezima katikati, maji hayakufika eaklina, na moto upo

Hii huwachanganya hata mafundi wazuri wa mjini kwa kuwa mjini haitokei. Kikombe cha chini cha kabureta lazima kipumue ili petroli iteremke. Kinapumua kupitia vipaipu vyembamba vya mpira vinavyoning'inia chini ya injini. Vikizama, kabureta inakosa pumzi na injini inafifia utadhani petroli imekwisha. Ukiitoa majini na kusubiri kidogo inawaka yenyewe, na mwenye pikipiki anabaki akiamini ni bahati.

Dawa yake ni ya kudumu na haina gharama. Kata kipaipu cha kupumulia, weka kiungo cha plastiki cha njia tatu, na pandisha tawi moja hadi chini ya tangi. Tawi la chini likizama, la juu linapumua. Mipira na viungo hivyo utavipata Kirinyaga Road kwenye maduka ya vipuri, na fundi yeyote ataelewa ukimwonyesha. Fanya kazi hiyo kabla ya safari.

Imevuka vizuri, kisha mbele inakatakata

Maji yako kwenye petroli. Kabureta ina skrubu ya kumwagia chini ya kikombe. Kinga chupa ile isiyo na rangi, legeza skrubu, mwaga. Petroli na maji havichanganyiki: utaona mstari, petroli juu na maji chini, au tone moja la duara likiteleza kwenye sakafu ya chupa. Tone moja tu linatosha kuziba tundu dogo la petroli. Rudia hadi chupa isiwe na mstari.

Jiulize ni lini ilianza. Kama ilianza mara tu baada ya kugeuza kwenda rizavu, yaani petroli ya akiba, maji yako chini ya tangi, kwa sababu rizavu hunyonya sehemu ya chini kabisa. Fungua mpira wa petroli kwenye kabureta na umwage kutoka tangini mpaka iwe safi. Ikiwa inakimbia vizuri dakika 10, inazima, unafungua kifuniko cha tangi, unasikia "fyuu" na inawaka, basi tundu la hewa la kifuniko limezibwa na tope. Lizibue kwa sindano au waya mwembamba.

Pikipiki za kisasa za sindano ya petroli, ambazo petroli hupuliziwa kwenye injini kwa pampu, hazina kabureta ya kumwaga. Kwa hizo kazi yako ni tangi na viunganishi, hasa kile cha pampu. Zikikataa baada ya hapo, zifungwe kamba zivutwe.

Inawaka lakini haina nguvu, na inatoa moshi mweusi

Eaklina imelowa. Hewa haipiti, petroli inazidi. Ya sifongo ikamue kwa kuibana kati ya viganja, usiipindepinde itachanika. Ya karatasi ikung'ute na uiache juani, na jua la bondeni ni kali, haitachukua muda mrefu. Mwaga pia maji ya boksi lake, huwa kuna kiziba kidogo cha mpira chini. Usiendeshe bila eaklina kwenye vumbi lile. Kusubiri nusu saa ni bei ndogo.

Moshi mweupe dakika chache za mwanzo usikutishe: ni mvuke wa maji yaliyobaki kwenye ekzosi.

Inachemka na kupasuapasua kwenye ekzosi

Chanzo cha kwanza ni tope kwenye mapezi ya injini au kwenye rejeta. Likikauka linaivalisha injini koti. Lisugue baada ya injini kupoa, na usiimwagie maji baridi ikiwa ya moto.

Chanzo cha pili hakihusiani na mto, ila hulaumiwa mto. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Magadi kama 600. Kule chini hewa ni nzito zaidi, kwa hiyo kabureta iliyopangwa Nairobi inachanganya hewa nyingi kwa petroli ile ile. Kama fundi wako alishafunga skrubu ili pikipiki itumie petroli kidogo, kama wenye bodaboda wengi wanavyoomba, ukifika bondeni kwenye joto kali utakuwa na injini yenye njaa. Toa plagi uitazame: ncha nyeupe yenye unga ni petroli haba, masizi meusi ni petroli nyingi, rangi ya kahawia ndiyo unayoitaka. Ikiwa nyeupe, legeza skrubu ya petroli kidogo kidogo, usiivute injini kwa muda mrefu, na ukirudi juu irudishe ilipokuwa.

Breki na klachi

Breki za ngoma hujaa maji na hazishiki. Ukitoka mtoni endesha taratibu huku umezigusa kidogo hadi zirudi, kabla hujafika mteremko. Za diski hurudi haraka, lakini mchanga hunasa kwenye pedi. Ukisikia mkwaruzo, suuza.

Klachi inayoteleza baada ya mto kwa kawaida imechomwa na dereva aliyeibana nusu nusu kwenye mchanga na mawe. Iache ipoe, hakikisha waya wake una uchezaji kidogo kwenye mkono, na uangalie tena rangi ya oili.

Kuvuka tena

Mto ule ule unakusubiri wakati wa kurudi, tena huenda umejaa. Mvua ikinyesha Mau jioni, kule bondeni anga inaweza kuwa nyeupe kabisa na maji yakaja. Msimu wa masika, Machi hadi Mei, na wa vuli, Oktoba hadi Desemba, usiamini kina cha jana.

Uliza wafugaji. Mazungumzo huwa mafupi, na huanza kwa salamu ya Kimaasai.

"Sopa, mzee."

"Epa."

"Leo maji yako vipi?"

"Yamepanda usiku. Mbuzi hawajavuka."

Jibu hilo linatosha kukufanya ukae chini ya mti. Ulizia pia mamba, na wapi ng'ombe hupita, maana hapo sakafu huwa imara. Kisha pita kwa miguu kwanza, na fimbo, njia yote uliyokusudia kupita. Maji ya kahawia hayaonyeshi shimo. Yakifika gotini na yanakuvuta mguu, usiendeshe. Zimeni injini, msukume watu wawili au watatu, na mkae upande maji yanakotoka, ili pikipiki ikiangushwa isiwalalie. Yakipita goti, subirini. Mafuriko ya mito hii mara nyingi hupungua baada ya saa kadhaa.

Umerudi Nairobi

Kuna madhara ambayo hayaonekani porini. Tamaa ya kwanza ni kuipeleka pikipiki kuoshwa kwa mashine ya presha, na hapo ndipo maji ambayo mto ulishindwa kuyaingiza yanaposukumwa ndani ya sili za magurudumu na viunganishi. Tumia ndoo na sifongo, au mwambie kijana asielekeze mdomo wa mashine kwenye hab, yaani kitovu cha gurudumu, kwenye shingo ya usukani na chini ya kiti. Fungua ngoma za breki utoe tope, tia cheni oili, badilisha oili ya injini hata kama ilionekana safi.

Baada ya wiki moja au mbili, inua gurudumu moja moja. Lishike juu na chini, litikise. Kisha lizungushe polepole mkono mwingine ukiwa kwenye ekseli. Ukihisi mchezo, mkwaruzo, au ukiona jasho la rangi ya kutu kwenye sili, beringi imeshaingiwa na maji na grisi imeoshwa. Usiishindilie grisi juu ya kutu. Nunua beringi za pande zote mbili pamoja na sili zake, maana iliyokaa pembeni yake ilizama kwenye maji yale yale.